Fundi wa Rangi wa Bonde la Rukwa

Je, wajua kuwa huko Marekani na Ulaya wako mafundi wenye karakana ndogo ambao riziki yao hutoka katika kuvipaka rangi ya mabaka vyombo vya wawindaji na wavuvi, tangu kitako cha bunduki hata kopo la maji, ili visionekane porini? Kazi yao ni ya hikima. Fundi hutandaza juu ya maji ya vuguvugu, ndani ya beseni kubwa, utando mwembamba uliopigwa chapa ya majani na magome ya miti. Huunyunyizia dawa, utando ukalainika na wino ukabaki ukielea. Kisha hukizamisha chombo taratibu, kwa mshazari, na msukumo wa maji ukaubandika wino katika kila kona na kila ufa. Akiisha kukisuuza na kukikausha hukipaka vanishi isiyong'aa, maana chombo king'aacho humsaliti mwenyewe hata kingevishwa nakshi ya msitu mzima.

Fundi wa namna hiyo akifungua karakana mjini Sumbawanga asishangae kupata askari kabla ya wateja, kwa kuwa sheria ya Tanzania humkataza raia kuvaa mavazi yafananayo na sare za mabaka za jeshi, na mwezi wa Agosti mwaka 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa muda wa siku 7 kwa kila aliyekuwa nayo ayasalimishe. Walakini wilaya za bonde la Rukwa zina fundi wao wa asili, wa kale kuliko karakana zote, ambaye mteja wake ni nafsi yake mwenyewe. Naye ni nzige mwekundu.

Msafiri atokaye Sumbawanga, penye baridi na mashamba ya ulezi na mahindi, akateremka magenge ya Lyamba lya Mfipa kwenda upande wa Muze, hushuka takriban mita 1,000 kabla ya kufika katika joto la bonde, ambamo ziwa Rukwa limetanda, ziwa la maji ya magadi lisilo na kina kikubwa wala mlango wa kutokea, ambalo mwaka wa mvua nyingi hupanuka likafunika mbuga na mwaka wa ukame hurudi nyuma likaacha wazi ardhi pana ya tope na nyasi. Mbuga hizo, zenye nyasi ndefu, nyasi fupi na udongo mtupu vilivyochanganyikana, ndizo maskani ya nzige huyu. Maskani yake mengine ya asili hayazidi machache katika Afrika yote, miongoni mwayo mbuga za Katavi, Malagarasi na Wembere, na Mweru wa Ntipa katika Zambia.

Katika miaka ya kawaida humo huishi wachache wachache, kila mmoja peke yake, na hapo ndipo ufundi wao unapostahili kutazamwa kwa karibu. Tunutu, yaani mtoto wa nzige asiyeota mbawa, huwa wa kijani iwapo yumo katika majani mabichi na hewa ya unyevu, na huwa wa rangi ya majani makavu iwapo mazingira yake ni makavu. Wala rangi hiyo haipakwi juu juu, bali hufumwa ndani ya ngozi, naye hujivua ngozi mara sita au zaidi kabla ya kukomaa, hata kila vazi jipya likawa fursa ya kusahihisha lililotangulia. Mzima, ambaye jike lake hufikia kiasi cha sentimita 8, ni wa hudhurungi, na mbawa zake za mbele zina mapande saba meusimeusi yaliyopita mkingamo mfano wa vivuli vya mabua. Wekundu uliompa jina umo katika mbawa za nyuma, nazo hukunjwa zikasitirika. Ndiyo maana mtu aweza kukanyaga nyasi karibu naye asione kitu mpaka kitu hicho kiruke, wekundu umulike machoni pake, kisha kitue na kutoweka tena.

Basi hutokea wakati ambapo fundi huyu huitupa kazi yake yote. Moto wa kiangazi huteketeza nyasi, nzige wakasongamana katika vipande vilivyosalia. Ama mvua ikawa ya kiasi kilichowafaa, mayai yaliyotagwa ardhini mwanzoni mwa majira ya mvua yakaanguliwa kwa wingi baada ya mwezi mmoja hivi. Tunutu waliosongamana hawawi tena wa kijani, bali huvaa weusi na rangi ya manjano inayoelekea wekundu, rangi za kujitangaza, nao huandamana kwa makundi mchana kweupe. Aliye peke yake huokolewa na kutoonekana. Walio maelfu hawana haja hiyo, kwa kuwa ndege hushiba kabla wao hawajapungua.

Mabadiliko haya yaliwachanganya wenye elimu hata mwaka 1921, ambapo Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza juu ya nzige wa jamii nyingine kuwa wadudu waliohesabiwa kuwa aina mbili mbalimbali walikuwa aina moja yenye hali mbili, ya upweke na ya jamaa. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford na Cambridge na wenzao walionyesha katika nzige wa jangwani kuwa kuguswa-guswa mapaja ya nyuma katika msongamano huzidisha ndani ya mwili kemikali ya asili iitwayo serotonini, na kwa muda wa saa mbili tu mpweke akaanza kutafuta wenziwe. Tabia hutangulia, rangi hufuata baadaye, ngozi zikiendelea kuvuliwa.

Matokeo ya mabadiliko hayo yalionekana mwaka 1930 hata 1944, ambapo nzige wekundu waliotoka Rukwa na Mweru wa Ntipa walienea karibu Afrika yote iliyo kusini ya Ikweta. Kwa hofu ya msiba huo kurudi, serikali mbalimbali ziliunda mwaka 1949 idara ya pamoja ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Tangu hapo makundi yametokea mara kwa mara, lakini balaa la kadiri ile halijarudi. Mwaka 2009 walipozidi tena katika Katavi, Rukwa na Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia kwa ndege eneo la hekta 10,000 hivi, na dawa yenyewe ilikuwa kuvu iwauayo nzige na panzi bila kudhuru ndege wala samaki. Kasoro yake ni ukawivu, kwani nzige huendelea kuishi kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Ila Katavi, iliyo hifadhi ya taifa, haikuwa mahali pa kumwaga sumu kali, nami naona waliochagua kungoja walichagua vema.

Kazi ngumu zaidi, na isiyosifiwa, ni ya wakaguzi wanaopita mbugani katika miaka ya utulivu. Kundi lililokwisha kuvaa weusi na manjano hata mtoto huliona. Wao hutafuta wale wa rangi ya majani makavu, kwa kukanyaga nyasi na kuhesabu wanaoruka.