Rojo la Nta na Maji katika Kupooza Vifaa vya Elektroniki

1.0 Utangulizi

Kichakataji cha kompyuta hugeuza karibu umeme wote kinaoutumia kuwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, kifaa huharibika. Kwa kawaida huondolewa kwa hewa au kwa maji. Makala haya yanaeleza njia nyingine, yaani rojo la maji na chembe za nta, na masharti yanayolifanya liwe na faida.

2.0 Rojo Linavyobeba Joto

Kilo 1 ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Hivyo, maji hayapokei joto bila yenyewe kupata moto. Nta inapoyeyuka, kinyume chake, hupokea joto jingi ilhali halijoto yake haibadiliki sana. Joto hilo huitwa joto fiche. Eikosani, aina mojawapo ya nta ya parafini, huyeyuka kwenye nyuzi 37 hivi na kupokea takriban kilojuli 240 kwa kila kilo. Hufungiwa katika vijidonge vyenye maganda membamba, kisha vijidonge hivyo hutawanywa majini.

Tuchukue mfano wa rojo lenye nta asilimia 20 kwa uzito, tukiacha uzito wa maganda. Halijoto ikipanda kwa nyuzi 5 huku nta yote ikiyeyuka, kila kilo hubeba kilojuli 48 za joto fiche na 19 hivi za joto la kawaida. Jumla ni 67. Maji matupu yangebeba 21.

3.0 Masharti

Kwanza, nta iyeyukie ndani ya kifaa. Ikiingia ikiwa imekwisha kuyeyuka, rojo huwa duni kuliko maji, kwani nta peke yake hubeba takriban nusu ya joto la kawaida linalobebwa na maji.

Pili, nta igande tena kabla ya kurudi kwenye kifaa. Oktadekani, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 28 hivi, haiwezi kugandishwa na hewa ya mchana wa Januari mjini Dar es Salaam, ambayo huzidi nyuzi 30. Eikosani yaweza.

Tatu, nta ikizidi, mnato huongezeka. Pampu hutumia nguvu zaidi, na vijidonge huweza kupasuka.

4.0 Hitimisho

Masharti haya yanagusa pia suala la istilahi. Kitenzi "yeyuka" hutumika kwa barafu inayogeuka maji na pia kwa chumvi inayopotelea majini. Tukiuita mchanganyiko huu "myeyuko", msomaji atadhani kuwa nta imepotelea majini kama chumvi, ilhali manufaa yote yanatokana na nta kubaki peke yake ndani ya ganda, ikiyeyuka na kuganda. Neno "rojo" halileti utata huo. Kwa hiyo ndilo linalofaa.