Chai ya Mezani Kwetu na Haki ya Mikono Iliyoichuma

Hakuna nyumba hapa kisiwani, kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Majengo na Tudor, ambayo asubuhi yake hupita bila chai. Iwe ni ya maziwa iliyotiwa iliki kwa mahamri na mbaazi, au ya rangi yenye tangawizi baada ya Swala ya Alasiri, chai imekuwa ni sehemu ya ukarimu wetu hata mgeni asipopewa kikombe hujiona hakukaribishwa. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kuwa Mombasa si mnywaji wa chai tu. Mombasa ni soko la chai, tena soko ambalo dunia hulitegemea.

Katika barabara ya Nyerere liko jengo la Tea Trade Centre, makao ya mnada wa chai wa Afrika Mashariki. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 1992 bei zake hutajwa kwa dola za Kimarekani. Huuzwa humo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyinginezo, na miongoni mwa wanunuzi wakubwa ni ndugu zetu wa Pakistan na Misri. Magunia hulala katika magodauni ya Shimanzi na Changamwe, kisha huteremka bandarini. Vijana wetu ndio wayabebao, na wengine katika aila zetu ni makarani, madalali na waonjaji wanaolipwa kwa ulimi wao.

Nimeanza na haya kwa sababu habari za dhulma zinazofanywa katika mashamba ya bara husomwa kwetu kama habari za watu wa mbali. Ndugu zangu, hazitoki mbali. Zinapita mlangoni petu.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi wake kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na kampuni mbili zenye asili ya Uingereza, Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 waliwaeleza waandishi kuwa walidhulumiwa heshima zao na wasimamizi wao wa kazi. Mwandishi mmoja wa kike alijifanya mtafuta kazi, akaona kwa macho yake namna kazi inavyogeuzwa kuwa chambo. Mwanamke mmoja alisimulia kuwa aliambukizwa virusi vya Ukimwi na msimamizi aliyemlazimisha. Baada ya habari hizo kutangazwa, wasimamizi kadhaa walisimamishwa kazi, Bunge letu likaagiza uchunguzi, na kampuni ya kahawa ya Starbucks ikasitisha ununuzi wake kwa Finlay. Kampuni zenyewe zilisema zimeshtushwa.

Hilo la kushtuka ndilo linalonipa taabu. Mwaka 2011 shirika moja la utafiti la Uholanzi, SOMO, lilikuwa limekwishaandika ripoti kuhusu mashamba hayo hayo ya Unilever huko Kericho, na ndani yake mlikuwa na malalamiko ya namna hiyo hiyo. Kampuni ilijibu wakati ule kwa kutangaza kuwa haitavumilia uovu huo, na ikaweka utaratibu wa kupokea mashtaka. Miaka 12 ikapita. Mtu aweza kushtuka mara ya kwanza. Mara ya pili lugha inataka neno jingine.

Na mashamba yale hayakukosa muhuri. Tangu mwaka 2007 Unilever ilianza kuyapatia mashamba yake ya Kericho cheti cha Rainforest Alliance, kile chenye picha ya chura mnayoiona katika pakiti za chai madukani. Cheti hicho maana yake ni kuwa shamba limekaguliwa, kuwa misitu inahifadhiwa na mfanyakazi anatendewa insafu. Sisemi kuwa chura yule ni wa uongo. Yako mambo mengi ya kheri yaliyofanyika chini ya vyeti hivyo, kuanzia maji safi hadi matumizi ya madawa kwa uangalifu. Nasema kuwa muhuri ulikuwepo na dhulma ikawepo, mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Tuangalie kazi yenyewe ilivyo. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Nyapara ndiye ampangiaye sehemu ya kuchuma, na ndiye awezaye kumpa kazi nyepesi au nzito. Nyumba anayoishi ni ya kampuni, na mara nyingi zahanati na shule ya wanawe pia ni za kampuni. Akifukuzwa kazi leo, kesho hana paa. Juu ya hayo, mashine za kuchuma zimeingia na kupunguza idadi ya mikono inayohitajika, hata mwezi wa Mei mwaka 2023 watu wa Kericho waliandamana na mashine zikachomwa moto. Kazi inapokuwa adimu namna hiyo, mwenye kuigawa huwa ni mfalme mdogo. Anapomwambia mama mwenye watoto watatu neno la haramu, yule mama halipimi neno hilo peke yake; anapima pamoja nalo nyumba, chakula na ada za shule. Hapo hapana hiari ya kweli, hata kama hakuna aliyemshika mkono.

Qur'ani Tukufu haikulinyamazia jambo hili. Katika Suratun-Nur, aya ya 33, Mola wetu amekataza kuwalazimisha wajakazi uchafu kwa kutafuta pato la dunia, na mwisho wa aya hiyo umetaja msamaha na rehema baada ya kulazimishwa kwao. Wafasiri wameeleza kuwa rehema hiyo ni ya wale waliolazimishwa, na dhambi ni ya aliyelazimisha. Nawaomba akina mama wazingatie hapo, kwa kuwa katika jamii zetu aibu humwandama aliyeonewa kuliko aliyeonea. Binti akirudi kutoka kazini na kumwambia mamaye kuwa mkubwa wake anamtaka, neno la kwanza analosikia mara nyingi ni "nyamaza, usituaibishe." Nyapara wa Kericho na bosi wa dukani hapa mjini wote wawili wanalitegemea neno hilo.

Niliulizwa na mama mmoja baada ya darsa: "Maalim, basi chai hii tuinyweayo ni haramu?" Nilimjibu kuwa jani la chai ni halali, na mauziano yaliyotimiza masharti ni sahihi; dhulma aliyotendewa mchumaji haiingii ndani ya kikombe kama najisi iingiavyo majini. Lakini tusichukue jibu hilo kama ruhusa ya kulala. Imepokewa katika hadithi ya Qudsi iliyomo katika Bukhari kuwa mmoja katika watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Haki ya mfanyakazi ni pesa yake na ni heshima yake pia. Na mwenye kununua huku akijua, huku anaweza kuuliza naye hakuuliza, ana hesabu yake. Hesabu hiyo hutofautiana kwa kadiri ya uwezo wake: yangu mimi na pakiti yangu moja si sawa na ya kampuni inunuayo shehena nzima.

Kampuni hizo kubwa kwa muda mrefu zimekuwa na jibu moja: lile shamba si letu, ni la kampuni tanzu. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa mwaka 2007, watu 218 waliokuwa wafanyakazi na wakaazi wa shamba la Unilever la Kericho walishtaki huko London, wakidai kuwa kampuni haikuwakinga na mashambulizi yaliyowafika. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa dai lao dhidi ya kampuni mama, kwa hoja kuwa si yeye aliyekuwa akiyasimamia mambo ya usalama kule. Sheria za Ulaya zimeanza kugeuka tangu hapo. Ujerumani, kuanzia Januari mwaka 2023, inazitaka kampuni zake kubwa zichunguze hali za wafanyakazi katika mnyororo wa bidhaa zao, na Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo la namna hiyo mwaka 2024, ingawa baadaye liliahirishwa na kulegezwa. Kwa hiyo wafanyabiashara wetu wasingoje Ulaya iwafundishe.

Tena elimu hii sisi tunayo. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, mtu aliyepita sokoni akikagua mizani, ubora wa vyakula na namna wanavyotendewa wapagazi, hata wanyama wa mizigo. Baadhi ya wanazuoni wamepokea kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimpa mwanamke, Shifa bint Abdillah, sehemu ya kazi ya soko la Madina. Na sote tunaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Juu palikuwa pakavu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua, naye akaulizwa mbona hakuuweka ule umaji juu watu wauone.

Ukaguzi wa siku hizi mara nyingi hutazama rundo juu. Mkaguzi hupewa tarehe, shamba hufagiliwa, madaftari huletwa yakiwa safi, na wachumaji wanaohojiwa huwa wamechaguliwa na wale wale wanaopaswa kulalamikiwa. Mchumaji gani atafungua kinywa, na nyapara amesimama mita kumi kutoka hapo? Kuingiza mkono ndani ni kuja bila taarifa, ni kumtuma mwanamke azungumze na wanawake, kwa lugha yao, mbali na shamba. Vilevile ni kuwasikiliza waliokwisha kuacha kazi, maana hao hawana cha kupoteza. Na ni kukisikiliza chama chao, ambacho kwa mashamba ya chai ni Kenya Plantation and Agricultural Workers Union.

Mnunuzi hawezi kudai kuwa njia haijulikani. Kila gunia linalofika mnadani huja na alama ya kiwanda lilikotoka, pamoja na daraja la chai yake, kama BP1 au PF1. Mpaka hapo Mombasa, mnunuzi anajua asili ya alichonunua. Ni baada ya hapo chai huchanganywa, ya Kericho na ya Uganda na ya kwingineko, ikatiwa katika pakiti moja yenye jina zuri, na alama ikapotea. Mji wetu basi ni mahali pa mwisho ambapo swali "nani aliyeichuma hii?" bado lina jibu. Wafanyabiashara Waislamu walioko katika mnada huo, nao si wachache, wakiamua kuliuliza swali hilo kabla ya kutaja bei, litasikika hadi Kericho.

Wako wanaosema tususie. Mimi siungi mkono kwa haraka. Mnunuzi mkubwa akiondoka kwa ghafla, wa kwanza kukosa ni mchumaji, kwa kuwa kilo zitapungua kabla mshahara wa meneja haujaguswa. Mnunuzi mwadilifu hubaki, akaweka sharti lenye muda, akalipa bei inayowezesha ujira wa halali, kisha akaondoka ikiwa sharti limedharauliwa. Bei nayo ni sehemu ya uadilifu. Hauwezi kumbana muuzaji hadi senti ya mwisho kisha ukamtumia waraka wa haki za binadamu. Na wenye mashamba sasa wamebadilika, kwani kampuni ya Browns ya Sri Lanka imeyachukua mashamba ya Finlay na kisha yale yaliyokuwa ya Unilever. Ni wakati mwafaka wa kuwauliza wenyeji hawa wapya, kabla hawajazoea.

Sheria yetu yenyewe inawaunga mkono wenye kuuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inakataza msimamizi kudai uchafu kwa ahadi ya kazi au kwa tishio, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na utaratibu ulioandikwa wa kuzuia jambo hilo. Maduka, hoteli na magodauni mangapi ya mji huu yana waraka huo ukutani? Msomaji mwenye binti kazini amwulize leo.

Kuna na mnyororo ulio mfupi zaidi, ambao hauendi Kericho. Kofia ya kiua anayoivaa mume siku ya Idi imeshonwa na mwanamke nyumbani mwake, tundu kwa tundu, kwa wiki nyingi, naye amepewa sehemu ndogo ya bei mliyolipa dukani. Mabuibui yanayouzwa mitaani kwetu hushonwa na mafundi wanaolipwa kwa kila kipande, na kabla ya Ramadhani hukesha hadi alfajiri, kisha huambiwa warudi baada ya Idi kuchukua hesabu. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, fundi huyu jasho limekauka, na Sita-Shawwal imekwisha, bado anapiga hodi. Akina mama mnaoagiza nguo za harusi na sare za madrasa, mwulizeni mwenye duka fundi analipwa lini na kiasi gani. Mnaoagiza kwa fundi moja kwa moja, andikeni bei na siku ya malipo katika karatasi mbili, moja ibaki kwake.