Ushindi wa Ghafla Una Wiki 52

Semista ya kwanza nilipata A ya saikolojia ambayo hata mimi sikuitegemea. Nikatamba, nikaipa maktaba kisogo. Semista iliyofuata nikapata sapu. Ndiyo maana namwelewa Emma Raducanu.

Mwaka 2021 Mwingereza huyu, miaka 18, alikuwa wa 150 duniani. Alianzia mechi za mchujo za US Open, akashinda mechi 10 bila kupoteza hata seti moja, akabeba kombe.

Sasa sikilizeni hesabu ya tenisi. Bingwa hupata pointi 2,000, lakini pointi hizo hudumu wiki 52 tu. Baada ya hapo zinafutwa, unazitafuta upya. 2022 Raducanu alitolewa raundi ya kwanza, akaporomoka kutoka nafasi ya 11 hadi ya 83. 2023 akafanyiwa upasuaji wa mikono yote miwili na kifundo cha mguu.

Wengine wanasema alibahatisha. Jamani, mechi 10 hazibahatishwi! Ila jina lilikua haraka kuliko mwili, na ratiba ya mwaka mzima haimsubiri mtu.

Mimi sapu nimeshaifanya, nimefaulu kwa C. Nimerudi maktaba.