Usawa wa Chombo Kabla ya Werevu wa Mashine

Yako mambo ambayo sisi watu wazima huyapita kwa kuyaita michezo ya watoto, ilhali lau tungeyatazama kwa dakika chache tu tungeona ndani yake elimu ya kutufaa hata sisi tulio katika kazi za umma. Mojawapo ni urushaji wa ndege ndogo za mfano zinazoongozwa kwa redio. Leo tunakusudia kueleza jinsi ndege hizo zinavyosawazishwa, jinsi mashine inavyoweza kuziongoza bila ya mkono wa mtu, na kwa nini la kwanza lisipotimizwa la pili hugeuka kuwa hadaa.

Tuanze na kisa tulichokishuhudia kwa macho yetu. Jioni moja, katika bonde la mpunga lililokwisha kuvunwa, vijana watatu walikuwa wakirusha ndege waliyoiunda wenyewe kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa majokofu. Jamaa yao mmoja aliyeko ng'ambo alikuwa amewaletea kifaa kidogo cha kuituliza ndege hewani, na vijana wale walikuwa na kila haki ya kujivunia, kwani kifaa kilipowashwa ndege ilikwenda sawa kama iliyochorewa mstari. Ulipofika wakati wa kuiteremsha, mmoja wao alikizima ili aiongoze kwa mkono wake. Papo hapo ndege ikalalia kushoto, bawa likagusa tuta, na pua ikavunjika.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita njia. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Hebu nipeni hicho chombo."

Akakiinua kwa kidole kimoja puani na kimoja mkiani, akakiacha kitulie. Bawa la kushoto likashuka pole pole.

"Farumi yenu yote iko upande mmoja," akasema. "Hiki kingelala hata siku ya shwari."

Ikabainika kuwa bawa lile liliwahi kuvunjika na kuungwa kwa gundi na utepe mwingi. Sarafu moja iliyobandikwa kwenye ncha ya bawa la kulia iliondoa dosari yote. Kumbe kile kifaa hakikuwa kimeiponya ndege. Kilikuwa kimeuficha ugonjwa wake.

Ama kuhusu kusawazisha, kazi ambayo mafundi wa mchezo huu huiita trimu, mwanzo wake hauhitaji redio wala betri. Jambo la kwanza ni kitovu cha uzito. Katika ndege nyingi za kawaida kitovu hicho hutakiwa kiwe baina ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Fundi huiegemeza ndege juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, penye alama hiyo, na ndege inapaswa ikae mlalo au iinamishe pua kidogo tu. Ikiwa mkia ndio mzito, ndege itainua pua, itapoteza mwendo, kisha itaporomoka. Pua ikizidi uzito, itakwenda mbio kuelekea ardhini. Dawa si kuongeza nguvu ya mota. Dawa ni kuisogeza betri mbele au nyuma, kama nahodha anavyosogeza farumi ngamani kabla ya kutweka tanga.

Baada ya hapo hufuata jaribio la kuiachia ndege kwa mkono, bila ya mota, siku isiyo na upepo, juu ya majani laini. Ikiteleza hewani kwa mteremko mpole na kutua mbali, imekubali. Ndipo sasa huwashwa mota. Ikiwa juu ya kutosha, ikielekea upepo kwa mwendo wa wastani, mrushaji huachia vijiti vya kuongozea na kutazama chombo chake kinataka nini. Kikiinamisha pua, hubonyeza kitufe cha trimu ili vile vibao vya mkiani viinuke kidogo. Kikigeukia upande, hurekebisha usukani. Kikilalia bawa moja, hurekebisha vibao vya mabawani viitwavyo aileroni. Hufanya hivyo kidogo kidogo mpaka ndege iende sawa bila ya kushikwa.

Lakini mrushaji hodari haishii hapo. Akishateremsha ndege, huurefusha au kuufupisha waya unaounganisha kila kibao na kile kijimota chake kiitwacho sevo, kisha huirudisha trimu katikati. Hufanya hivyo ili vibao vibaki na nafasi yao kamili ya kwenda huku na huku wakati wa dhiki. Ndege iliyosawazishwa namna hii, hata redio ikikatika, ina matumaini ya kuteleza ikatua. Isiyosawazishwa huanguka papo hapo.

Sasa tuje kwenye mashine. Kifaa cha kutuliza ndege hufanya kazi kwa kuhisi mzunguko: upepo ukiinua bawa, kifaa hutambua kwa muda mfupi mno na kuiamuru sevo ipinge. Vifaa vya juu zaidi hupima pia urefu wa kwenda juu kwa mgandamizo wa hewa, na hupokea habari za setilaiti ili kujua ndege ipo wapi na inaelekea wapi. Kwa vipimo hivyo ndege hufuata njia iliyopangiwa, ikageuka na kurudi yenyewe. Kifaa kikipewa ukali mdogo mno hakisaidii kitu. Kikipewa ukali kupita kiasi, ndege hutikisika kama mtu mwenye homa, kwa sababu kila sahihisho huzidi kosa lenyewe.

Hapa pana jambo ambalo tungependa lisipite bila ya kuzingatiwa. Mashine haijui usawa ni nini. Anayeifunga ndiye anayeiweka ndege juu ya meza na kukiambia kifaa: huu ndio usawa. Ikiwa meza imeinama, kifaa kitaushika ule mwinamo kwa uaminifu wote na kuupigania dhidi ya upepo. Na ikiwa chombo chenyewe kina kasoro, mashine italazimika kuvishikilia vibao upande mmoja muda wote wa safari. Betri itakwisha upesi, hewa itaikawiza ndege, na itakapokuja dhoruba ya kweli, sevo itakuwa imekwisha kufika mwisho wa uwezo wake.

Historia ya mambo haya inathibitisha mpangilio huo wa usawa kwanza na mashine baadaye. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ya mfano katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Iliendeshwa kwa mpira uliosokotwa, ikaenda yapata mita 40 kwa sekunde 11. Haikuwa na mashine yoyote ya kuiongoza. Siri yake ilikuwa mkia uliowekwa kwa pembe maalumu, hata pua ikiinama mkia wenyewe huirudisha. Ilipita miaka 43 ndipo Mmarekani Lawrence Sperry, mtoto wa Elmer Sperry aliyesifika kwa kutengeneza jairoskopu za merikebu, alipowashangaza watu karibu na Paris mwezi Juni 1914. Alisimama ndani ya ndege yake akiwa ameinua mikono yote miwili juu, na msaidizi wake akatembea juu ya bawa, na ndege ikabaki sawa kwa nguvu ya jairoskopu. Elimu hiyo, basi, ilitoka baharini kabla ya kupanda angani, jambo ambalo sisi watu wa visiwani hatuna sababu ya kulionea ugeni.

Mfano mkubwa kuliko yote kwa ndege za mfano ni wa mwezi Agosti 2003. Mmarekani Maynard Hill, mhandisi mstaafu aliyekuwa na umri wa miaka 77, na ambaye macho na masikio yake yalikuwa yamedhoofika sana, aliunda pamoja na wenzake ndege ya mti wa balsa ambayo uzito wake pamoja na mafuta haukufika kilo 5. Ndege hiyo, iliyoitwa TAM-5, ilirushwa kwa mkono kutoka Cape Spear huko Newfoundland, Kanada, ikavuka Bahari ya Atlantiki na kutua karibu na Clifden, Ayalandi, baada ya masaa 38 na dakika 52. Ilikuwa imekwenda kiasi cha kilomita 3,030, yapata mara 40 ya masafa ya Unguja na Dar es Salaam. Njia hiyo ni ile ile waliyoipita Alcock na Brown mwaka 1919, walipovuka bahari hiyo kwa ndege bila ya kutua njiani.

Msomaji atambue mambo mawili katika safari ile. Kwanza, chini kidogo ya nusu ya uzito wa TAM-5 wakati wa kuruka ulikuwa mafuta. Chombo kinachopunguza uzito namna hiyo njiani, tangi lisipowekwa karibu na kitovu cha uzito, kitaondoka kikiwa sawa na kitafika kikiwa kimepinda, kama hakikuzama kabla. Pili, mashine iliiongoza ndege katikati ya bahari, lakini mwanzo na mwisho wa safari viliongozwa na mikono ya watu. Na kabla ya ndege hiyo ya tano kufika, zilizoitangulia zilipotea. Hawakukata tamaa, wala hawakuilaumu bahari. Walirudi kwenye meza ya kazi.

Huenda mtu akauliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ili kupata ramani mpya za ardhi yetu, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kwa mikono yao. Ndege zilizotumika zilikuwa nyepesi kiasi cha kurushwa kwa mkono, nazo zikafuata njia zilizopangwa kwenye kompyuta. Kadhalika mwaka 2018, katika Ziwa Viktoria, ilijaribiwa ndege isiyo na rubani ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, masafa ya kilomita 60 kwa muda wa dakika kama 40. Mgonjwa wa kisiwani anayengojea dawa, na mkulima anayengojea mpaka wa shamba lake uonyeshwe kwa haki, hawatauliza mashine ilikuwa na werevu gani. Watauliza kama ilifika, na kama ilisema kweli.

Kwa hivyo tunawaomba viongozi na maofisa wanaohusika wayazingatie mambo matatu.

La kwanza, mafunzo ya vijana wetu katika skuli na vituo vya ufundi yaanze na ndege zisizo na mota, za karatasi na miti myepesi. Gharama yake ni ndogo, na mtoto aliyeipata elimu ya kitovu cha uzito kwa vidole vyake hatoisahau. Sisi tuliopita chuoni tunakumbuka kuwa hakuna aliyepewa kitabu kabla ya kuzijua herufi ubaoni, na wala hatukuona kuwa tunacheleweshwa.

La pili, kila inaponunuliwa mashine ya namna hii kwa fedha za wananchi, au inapopokewa kama msaada, iulizwe kwanza: nani miongoni mwetu anaweza kuizima na kuiongoza kwa mkono? Nani atakayejua kwamba imepinda? Vipuri vyake vitapatikana wapi? Asipopatikana wa kujibu, basi hatujanunua chombo. Tumenunua picha ya chombo.

La tatu, vijana wapatiwe mahali maalumu pa kurushia, mbali na viwanja vya ndege na makazi ya watu, na waelekezwe njia ya kupata vibali vinavyotakiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kijana anayefukuzwa kila uwanja hujifunza kujificha. Anayeonyeshwa uwanja wake na masharti yake hujifunza kazi.

Wala isidhaniwe kuwa tunaipinga mashine. Mashine haichoki, haisinzii, na huuhisi upepo kabla ya mtu kupepesa jicho. Bila ya hiyo Atlantiki isingevukwa na chombo cha kilo 5. Tunalolipinga ni tabia ya kuifanya mashine kuwa kifuniko cha kazi isiyofanywa vizuri. Wazee walisema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani, na sisi tunathubutu kuongeza kuwa hata usukani unaojiongoza wenyewe hautakiokoa chombo kilichopakiwa upande mmoja.

Wale vijana watatu wa bondeni waliitengeneza ndege yao. Mara ya pili tulipowaona, kile kifaa kilikuwa mfukoni mwa mmoja wao, na ndege ilikuwa juu, imeachiwa vijiti, ikienda sawa. Walitwambia watakirudisha kifaa wiki ijayo, watakapokuwa hawakihitaji tena. Tunaona kuwa hapo ndipo hasa kitakapowafaa.