Kuzimika, Kujizima na Kuzimwa: Kutambua Kasoro ya Kompyuta Mpya

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega anayejiundia kompyuta ya mezani huwa na matumaini mawili: kupunguza gharama na kupata mashine ya kuandikia tasnifu yake. Matumaini hayo huyeyuka skrini inapoingia giza ghafla na kurasa zisizohifadhiwa zikapotea. Wengi huuliza ni kipuri gani kilichoharibika, kisha wakanunua kingine pasipo uhakika. Makala haya yanadhihirisha kwamba swali la kwanza lapasa kuwa jingine: je, mashine imezimika, imejizima au imezimwa? Mnyambuliko wa kitenzi hiki kimoja watosha kuuelekeza uchunguzi.

Kwanza, kuzimika. Kauli ya kutendeka haimtaji mtendaji. Kompyuta huzimika umeme unapokatika njiani. Kakamega ni eneo la mvua nyingi na radi, nazo huweza kuuyumbisha umeme. Nchini Kenya umeme wa nyumbani ni wa volti 240 na mawimbi 50 kwa sekunde, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20. Kitengo cha umeme cha kompyuta kikibeba mzigo wake wote huenda kikastahimili ukosefu wa umeme kwa takriban milisekunde 16 tu. Hivyo basi, kukatika kusikotambuliwa na jicho kwaweza kuiangusha mashine ilhali taa ya chumba yaonekana kuwaka. Mashine ijaribiwe kwenye soketi nyingine, kisha kwenye betri ya akiba. Tatizo likikoma, chanzo ki nje ya kompyuta. Likiendelea, plagi itolewe ukutani, kisha waya zinazoingia kwenye ubaomama zikandamizwe hadi zikae imara, hususan ile yenye pini 24 na ile ya kichakataji.

Pili, kujizima. Kiambishi -ji- huonyesha kwamba mtendaji ndiye mtendwa: mashine hujizima ili kujinusuru. Vichakataji vingi hufanya hivyo joto linapopanda kupita kiasi. Katika kompyuta mpya, huenda karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza joto haikubanduliwa, krimu ya kupitisha joto haikupakwa, au feni haikuunganishwa. Dalili yake ni mashine kuzima baada ya dakika chache za kazi nzito, na kukataa kudumu hadi ipoe. Aidha, kitengo cha umeme hujizima kinapotakiwa kutoa wati nyingi kupita uwezo wake, mathalani mchezo wa video unapoanza, hata kama kichakataji hakijapata joto. Kitengo hicho kisifunguliwe kamwe, kwani huweza kubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kutolewa.

Tatu, kuzimwa. Kauli ya kutendwa hudai mtendaji, naye huwa programu au mtu. Katika Windows, daftari la matukio huandika namba 1074 programu au mtumiaji anapoagiza mashine izimwe au iwashwe upya. Namba 41 huandikwa mashine inapowaka tena baada ya kuzima bila utaratibu. Hata hivyo, namba 41 haitaji chanzo. Humrudisha mchunguzi kwenye kauli mbili za awali.

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kila tukio liandikwe: saa, kazi iliyokuwa ikifanywa na hali ya anga. Kisha kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwani anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kilichomponya. Alhasili, kabla ya kufungua pochi, mwanafunzi achague kitenzi kilicho sahihi. Na kabla ya kuchagua kitenzi, aihifadhi tasnifu yake mahali pengine.