Aliyegongwa Ubavuni Naye Ana Kesi ya Kujibu

Mawakili wa kesi za ajali jijini Nairobi wamechoshwa na swali moja: "Amenigonga ubavuni kwenye makutano. Si basi yeye ndiye mwenye makosa?" Anayeuliza huwa ameshika simu yenye picha ya mlango uliobonyea, na ameshajijibu. Picha hiyo inaonyesha vyuma vilikutana wapi. Nani alipaswa kusimama, haisemi.

Imani kwamba mwenye bampa iliyogonga ndiye alipaye imeota mizizi kuanzia steji za matatu hadi gereji. Hebu itazamwe ikifanya kazi. Dereva anatoka barabara ndogo, hasimami kwenye mstari, anajitosa barabara kuu mbele ya gari linalokwenda zake. Anavaliwa ubavuni. Kwa kanuni ya gereji, ameonewa. Kwa sheria, yeye ndiye aliyepaswa kungoja, na ule mlango uliobonyea unamwumbua kuwa hakungoja. Kwenye raundabauti mambo ni yale yale: Kenya magari hupita kushoto, hivyo anayeingia humpisha anayetoka kulia kwake. Asiyepisha atagongwa wapi, kama si ubavu wa kulia? Kanuni ya gereji ingefuatwa, kila anayechomoka bila kutazama angelipwa fidia.

Wakibanwa hapo, wengi hukimbilia taa: "Nilikuwa na kijani." Mwaka 1971 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, ambayo hukumu zake hutajwa sana katika mahakama za Kenya, iliamua kesi ya mwendesha baiskeli aliyegongwa kabla hajamaliza kuvuka. Ilisema kijani hakimpi dereva haki ya kuingia makutano ambayo bado yana mtu. Na pale ambapo trafiki amesimama katikati akiongoza magari, mkono wake hushinda taa.

Kimbilio la mwisho ni abstrakti ya polisi. Majaji wamerudia mara nyingi kwamba karatasi hiyo huthibitisha kuwa ajali iliripotiwa. Lawama huhitaji ushahidi wake. Mahakama hutaka mchoro wa eneo, alama za breki, mahali vioo vilipomwagika, na shahidi aliyeona kwa macho yake. Afisa anayeleta abstrakti mahakamani ilhali hakufika kwenye ajali hana la maana la kusema kuhusu nani alikosea.

Swali lenyewe, isitoshe, linadhani mkosaji ni mmoja. Sura ya 26 ya sheria za Kenya inaruhusu lawama kugawanywa. Aliyekuwa barabara kuu, mwenye haki ya kupita lakini akienda kasi hata asiweze kufunga breki, anaweza kubebeshwa sehemu yake. Tuseme hasara yake ni shilingi 500,000 na lawama yake asilimia 30: atapata 350,000. Ushahidi usipotosha kuonyesha nani alaumiwe, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishasema mwaka 2006 kwamba madereva wote wawili wabebe lawama sawa. Mwenye picha ya mlango peke yake hana sababu ya kutarajia zaidi ya nusu hiyo.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Kupiga picha kabla magari hayajasogezwa: mstari wa kusimama, alama za magurudumu, taa, barabara zote zinazokutana. Kuchukua namba za simu za mashahidi kabla hawajatawanyika. Kuripoti polisi ndani ya saa 24. Kuijulisha kampuni ya bima mara moja, na kutotia saini karatasi yoyote ya "tumalizane" kando ya barabara, kwa kuwa mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mteja kukiri kosa bila idhini. Dai la gari lililoharibika lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kisheria kuamua ndani ya siku 60. Kesi za uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayengoja baada ya hapo atakuta muda umekwisha, hata awe na mashahidi kumi.