Fahamu: Dawa inayosaidia mitokondria kwenye ataksia ya Friedreich
Ugonjwa huu wa kurithi huanza mara nyingi utotoni: mtoto anayumba akitembea, ulimi unakuwa mzito, na moyo nao huathirika. Anayerithi jeni mbovu ya FXN kwa baba na kwa mama hutengeneza protini ya fratakisini kidogo mno. Ikipungua, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hudhoofika na neva huharibika.

Februari 2023 Marekani iliidhinisha omaveloksoloni, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu. Huamsha Nrf2, protini inayowasha njia za seli kujilinda na kusaidia mitokondria. Haiponyi wala hairekebishi jeni. Hupunguza kasi ya ugonjwa tu, na kwa mgonjwa hilo ni kubwa mno. Inasikitisha kwamba idhini hiyo ilianzia umri wa miaka 16, wakati wengi huugua mapema zaidi.